Maji ya Handeni Ndani ya Kompyuta

Handeni imekaa juu ya mwamba wa kale, mgumu. Maji yake ya ardhini hujificha kwenye tabaka lililochakaa juu ya mwamba huo na katika nyufa zake. Korogwe, kando ya Mto Pangani, mto umelaza mchanga na tope. Mradi wa maji wa HTM (Handeni Trunk Main) wa miaka ya 1970 ulichota maji huko Korogwe na kuyasukuma hadi Handeni. Anayejifunza MODFLOW aanzie hapa, maana ardhi hii haimwachi akisie tu.

MODFLOW ni programu ya bure ya taasisi ya jiolojia ya Marekani, USGS, iliyotolewa mara ya kwanza 1984. Huigawa ardhi katika visanduku, kisha hupiga hesabu ya maji yanayoingia na kutoka katika kila kimoja kwa kanuni aliyoitangaza Henry Darcy wa Dijon mwaka 1856. Kuchora visanduku si kazi.

Kazi ni hii. Tengeneza modeli ya hali tulivu, isiyo na pampu, yenye usawa wa maji uliowekwa mipakani, na matokeo yake yalingane na vipimo vya visima. Sasa zidisha mara mbili maji ya mvua yanayopenya ardhini, na mara mbili wepesi wa mwamba kupitisha maji. Usawa wa maji visimani haubadiliki hata kidogo! Modeli mbili, moja ikiahidi kijiji maji maradufu, na vipimo vile vile vinazikubali zote. Kinachozitenganisha ni kupima mtiririko wenyewe: kuvuta maji ya kisima kwa pampu kwa muda na kuangalia yanavyoshuka, au kupima kijito wakati wa kiangazi.

Wala mvua ya wastani haitoshi. Makutupora, Dodoma, ambako kina cha maji kimepimwa tangu miaka ya 1950, utafiti uliochapishwa 2013 ulionyesha kuwa ardhi hujazwa hasa katika miaka michache ya mvua kubwa, mara nyingi ya El Niño. Ukigawa mvua hiyo sawasawa kwa kila mwaka, umeipoteza.

Uchafu nao una hesabu yake. Tuchukue mfano wa darasani: ardhi inayopitisha mita 1 kwa siku, mteremko wa maji 0.01, choo cha shimo mita 30 kutoka kisimani. Katika mchanga wenye nafasi za maji asilimia 20, safari ni siku 600. Katika mwamba wenye nyufa za asilimia 1, ni siku 30. Kwa hiyo asilimia ya nafasi za maji katika mchanga wa Korogwe isipelekwe Handeni. Ipimwe hapo hapo, kwa kumwaga maji ya chumvi katika kisima kimoja na kusubiri yatokee katika cha pili.