Majina Kinywani mwa Manju

Msimu wa pamba ukifunguliwa, Bariadi huwa na kelele ya namna yake. Vibanda vya kuingizia nyimbo kwenye memori kadi hushindana kwa spika: huku mwimbaji Nelemi Mbasando, hatua kumi mbele mwenzake Bhudagala Mwanamalonja, nawe mpita njia sikio linavutwa pande mbili. Nimeshanunua nyimbo nisizozitaka kwa sababu hiyo tu.

Mgeni atasema fujo. Mimi nasikia humo sheria ya zamani. Karne ya 19 waganga wawili wa Usukuma, Ngika na Gumha, walishindana kwa dawa na kwa ngoma, na wafuasi wao wakawa Bagika na Bagalu. Kila baada ya mavuno makundi hayo hukutana, na kwa desturi hakuna jaji. Yote mawili hucheza wakati mmoja, na watazamaji wana miguu: aliyebaki na watu wengi kashinda. Ndiyo maana ya chatu shingoni, ya majembe yanayozungushwa hewani katika ngoma ya bugobogobo, na ya dawa za mvuto ambazo hata waumini wazuri huzitaja kwa sauti ya chini.

Lakini chatu huzoeleka. Anayemzuia mtu asihame ni ningi, ambaye Waswahili humwita manju. Hodari wao hauimbii umati, anamwimbia mtu. Atakutaja jina, amtaje baba yako, ng'ombe wako, ikibidi na deni lako. Nani ageuke aende zake wakati ukoo wake uko kinywani mwa mtu? Hata jina la manju mwenyewe ni ukoo: Mwanamalonja ni mtoto wa Malonja, basi. Frank Gunderson, aliyechapisha mwaka 2010 kitabu kinene cha nyimbo za kazi za Wasukuma, alizikuta kwa mamia, nyingi zikiwa za watu walioinama na jembe. Shambani napo kulikuwa na kundi la kutunza lisitawanyike.

Redio ilipokuja, studio haikuwa na mtu wa kuhama. Manju hakujali. Leo nyimbo zake zinapigwa Sibuka FM kule Maswa, video zinatazamwa kwenye simu, na bado wimbo unaitwa harusi ya kwa fulani, na fulani huyo anatajwa yeye, wajomba zake na kijiji chake. Rafiki yangu wa Dar huona hiyo ni kasoro: dakika nane, nusu yake majina! Kwangu hizo dakika nne ndizo ufundi wenyewe. Kibwagizo kizuri wengi wanakiweza. Kupanga majina kumi na tano yafuate mapigo bila kumkwaza mwenye jina, hapo ndipo wanapochujwa.

Juzi mzee mmoja alipita stendi akisukuma baiskeli yenye gunia. Spika ya kushoto ikataja kijiji. Akasimama, akaegemeza baiskeli ukutani. Kijana wa kibanda cha kulia akaona, akaongeza sauti.