Hasira ya Kijani: Jinsi Siasa Ilivyochorwa katika Black Panther

Mfululizo wa katuni wa Black Panther ulioanza Aprili 2016 uliandikwa na Ta-Nehisi Coates, ukachorwa mwanzoni na Brian Stelfreeze na kupakwa rangi na Laura Martin. Shujaa wake, T'Challa, ni mfalme wa Wakanda, nchi ya kubuni ambayo ramani ya mfululizo huo inaiweka kando ya Ziwa Victoria, ikiwa na majirani wa kubuni kama Niganda na Azania.

Hadithi inaanzia mgodini. Wachimbaji wanawageukia askari wa mfalme, damu inamwagika, na T'Challa hajui ampige nani. Zenzi, mwanamke wa Niganda, hapandikizi chuki. Huichochea ile iliyokwisha kuwamo moyoni mwa raia. Hapo mchoraji ana kazi ngumu, kwa kuwa hasira ya umma haina sura wala ngumi. Ufumbuzi ukawa rangi: macho ya waliochochewa huwaka kijani. Msomaji akiona kijani anajua Zenzi yupo kazini, bila kiputo hata kimoja cha maelezo. Vazi la mfalme nalo hung'aa mistari ya zambarau linapohifadhi nguvu ya mapigo. Umati una rangi yake, kiti cha enzi kina yake. Majuto ya T'Challa yamewekwa kwenye visanduku vya maandishi, hivyo picha inamwonyesha akipigana huku maneno yakimlaumu.

Ubunifu wa kurasa haukuanza hapo. Katika Jungle Action, kati ya 1973 na 1975, Don McGregor na wachoraji Rich Buckler na Billy Graham walisimulia uasi dhidi ya T'Challa huyohuyo, vichwa vya hadithi vikichorwa kama sehemu ya mandhari. Stelfreeze ni mtulivu zaidi, pengine kupita kiasi: kurasa za mwanafalsafa Changamire zimejaa mazungumzo hadi mwendo unazorota.

Ramani ya Wakanda nayo ina pengo ambalo msomaji wa Katumba, makazi ya Mpanda yaliyopokea wakimbizi wa Burundi wa 1972, ataliona upesi. Wanaovuka mipaka yake kwa kawaida ni wachochezi na wapiganaji, si familia zilizojitwisha magodoro.

Simulizi iliyoanzia mgodini ilifungwa katika toleo la 12, mwaka 2017, T'Challa akikubali baraza la kuandika katiba mpya.