Mpindo Hasi wa Nuru katika Nyaya za Fedha: Uhakiki wa Dai na Istilahi

Makala haya yanahakiki andiko la Jie Yao na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, lililochapishwa katika jarida la Science mwaka 2008. Watafiti hao walikuza nyaya za fedha zenye kipenyo cha nanomita 60, zilizoachana kwa nanomita 110 toka kitovu hadi kitovu, ndani ya vinyweleo vya alumina. Nuru nyekundu yenye urefu wa wimbi wa nanomita 660 ilipoingia humo kwa mshazari, ilipinda ikabaki upande uleule wa mstari wima ilikotokea, kinyume na ilivyo katika maji au kioo.

Ubora wa kazi hii umo katika wepesi wa mbinu. Vinyweleo hujipanga vyenyewe alumini inapooksidishwa kwa umeme katika asidi, kisha fedha hujazwa humo kwa umeme vilevile. Hakuna waya unaochongwa mmoja mmoja.

Hata hivyo, wengi walioipokea habari hiyo walichanganya mambo mawili. Mwaka 1967 Viktor Veselago alieleza kinadharia mata ambayo sifa zake za kiumeme na za kisumaku zote ni hasi, ambamo mawimbi hurudi nyuma huku nishati ikisonga mbele. Mata ya nyaya si hiyo. Elektroni husogea kwa uhuru kufuata urefu wa waya, si upana wake. Hivyo pemitiviti ni hasi kwa mwelekeo mmoja na chanya kwa mwingine. Kinachopinda kinyume ni nishati. Migongo ya mawimbi hupinda kama kawaida. Tena jambo hilo huipata nuru ya mpolaraiko mmoja tu. Waandishi wenyewe walikuwa waangalifu: anwani yao inataja mpindo hasi, si kipimo hasi cha mpindo. Walioruka hadi kwenye joho la kumfanya mtu asionekane walivuka mipaka ya jaribio hilo.

Hapa ndipo Kiswahili kinapohusika. Tukizipa dhana hizo mbili istilahi moja, mshauri wa sera atasoma ahadi ambayo jaribio halikuitoa. Tunapendekeza “mpindo hasi” litaje tukio, na “kipimo hasi cha mpindo” litaje sifa ya mata. Na anayeshauri kuhusu fedha za utafiti aanze kuuliza habari za asidi, umeme na alumini, kabla ya kuuliza habari za joho.