Tarakimu ya Kati: S32K344 Imefika Mezani

Soma namba hii polepole: S32K344. Tatu inayofuata herufi K ni kizazi, nne ya mwisho ni megabaiti 4 za kumbukumbu ya flashi, na ile nne iliyobanwa katikati ndiyo iliyonifanya niikimbilie bodi hii kabla hata ya kunywa chai. Inasema kwamba ndani mna viini viwili vya Cortex-M7 vilivyofungwa pamoja kwa loksitepu. Weka 1 mahali pake, unapata S32K314 yenye kiini kimoja. Weka 2, inakuwa S32K324: viini viwili, kila kimoja na shughuli zake. Flashi ni ileile megabaiti 4 na mwongozo wa marejeo ni mmoja. Uamuzi mzito kuliko wote katika maikrokontrola ya gari, yaani nani anafikiri humo ndani na nani anamkagua, watengenezaji wake, NXP, wameuweka kwenye tarakimu moja. Nimefurahi mno!

Ili ujue furaha hii inatoka wapi, itazame kwanza familia iliyotangulia, S32K1. Kule nako tarakimu ya kati inataja kiini, ila inataja aina yake. S32K116 na S32K118 zina Cortex-M0+ ya MHz 48, kiini kidogo cha hatua mbili tu za utekelezaji, kisicho hata na saketi ya kugawanya namba. Kwa kioo cha dirisha, taa za ndani au vitufe vya kiti, kinatosha kabisa. S32K142 hadi S32K148 zina Cortex-M4F inayofika MHz 112, yenye kitengo cha desimali na maagizo ya kuchakata mawimbi. Lakini hizo 112 zina sharti: ukiwa kwenye mwendo huo wa juu huruhusiwi kuandika kwenye flashi wala kukiita kitengo cha usimbaji. Lazima ushuke hadi MHz 80, ufanye kazi, kisha upande tena. Waliozoea S32K144 wanaijua ngoma hiyo kwa moyo.

Sasa njoo kwenye M7. Kiini hiki kina hatua sita za utekelezaji, kinaweza kuanzisha maagizo mawili kwa mpigo mmoja wa saa, na kinabashiri msimbo utageukia wapi kabla haujafika. Kwa kipimo cha CoreMark, M0+ hupata takriban alama 2.5 kwa kila MHz, M4 hupata kama 3.4, na M7 hugonga 5. Zidisha mwenyewe: S32K344 kwa MHz 160 inakaribia alama 800, S32K144 kwa MHz 112 inazunguka 380, na S32K116 iko kwenye 120 hivi. Kwa M4 ni zaidi ya maradufu, kwa M0+ ni karibu mara saba! Na kasi hii haiji kwa kubahatisha, kwa sababu M7 ina kumbukumbu iliyounganishwa na kiini moja kwa moja, nje ya kashe. Weka humo msimbo wa kudhibiti mota, na kila mzunguko unachukua muda uleule, asubuhi na jioni. Anayeendesha mota ya awamu tatu anajua thamani ya uhakika huo.

Lakini kasi sikuijia. Nimeijia loksitepu.

Viini viwili vinapewa msimbo uleule na data ileile, navyo vinakwenda kama askari wawili wa gwaride, mmoja nyuma ya mwenzake kwa mipigo michache tu ya saa. Saketi ya kulinganisha inaangalia matokeo ya wote wawili bila kupumzika. Yakitofautiana hata kwa biti moja, kengele inalia kwenye kitengo cha kukusanya hitilafu, na gari linapelekwa kwenye hali salama kabla jibu baya halijafika kwenye breki. Ule uchelewesho wenyewe ni ubunifu mtupu: umeme ukiyumba ghafla, viini vyote viwili vinaguswa kwa wakati mmoja, ila kila kimoja kiko kwenye hatua tofauti ya kazi, kwa hiyo ni vigumu sana vikosee kosa lilelile na kulipitisha kwa pamoja. Na programu yako haijui lolote kuhusu haya! Unaandika kana kwamba una kiini kimoja. Ulinzi wa ASIL D, daraja la juu kabisa katika kiwango cha ISO 26262, unafanya kazi chini ya miguu yako.

Ndiyo maana nasema S32K344 ni chipu ya usukani wa umeme, ya breki, ya usimamizi wa betri ya gari zima.

Jambo la kwanza nililolijaribu ni kupandikiza kosa kwa makusudi. Familia hii ina kitengo maalumu cha kazi hiyo: unakiambia kipindue biti kwenye kumbukumbu, kisha unatazama. Biti moja ikaharibika, saketi ya kusahihisha ikairekebisha papo hapo, kosa likaandikwa kwenye rejista, programu ikaendelea bila kujikwaa. Nikapindua mbili, na hapo chipu ikakataa katakata kuendelea na data hiyo. Nilipiga kelele chumba kizima. Kulisoma jambo hili kwenye karatasi ni tofauti kabisa na kuliona likitokea ukiwa umeshika kahawa!

S32K324 inanivutia kwa njia nyingine, na inadai zaidi kutoka kwako. Umepewa viini viwili huru: kimoja kishike mota, kingine kishike mawasiliano ya CAN FD na itifaki zake. Nguvu ya hesabu imekuwa mara mbili, na daraja la usalama limekuwa ASIL B. Hata hivyo, kashe za M7 hazisemezani. Kiini cha kwanza kikiandika thamani kwenye kumbukumbu ya pamoja, cha pili kinaweza kuendelea kusoma nakala ya zamani bila wasiwasi wowote. Dawa yake ni kutenga eneo lisilopitia kashe kwa kutumia kitengo cha kulinda kumbukumbu, kisha kutumia semafori za maunzi ili viini visigombanie. Atakayepuuza hilo atasaka kosa linalokuja na kupotea hadi nywele zimnyonyoke. Atakayelipanga mapema ana mashine tamu sana mkononi.

S32K314 naipitia haraka, si kwa dharau. Kiini kimoja, ASIL B, msimbo rahisi kufuatilia. Ndugu yake S32K312, wa MHz 120 na megabaiti 2, ndiye ningempa mwanafunzi wa uhandisi anayeunda kidhibiti cha mota ya pikipiki ya umeme. Aanzie hapo, ajifunze M7 vizuri, na siku akihitaji loksitepu sehemu kubwa ya msimbo wake atahama nayo. Hata kitengo cha usalama wa siri, HSE_B, kimo katika hizi zote, na kinafanya usimbaji wake pembeni bila kuibia viini vikuu muda.

Halafu kuna huko juu, na huko ndiko macho yangu yalikoelekea sasa. S32K338 ina M7 tatu huru. S32K358, kwa MHz 240 na megabaiti 8, inachanganya ladha zote mbili: jozi moja ya loksitepu, na M7 nyingine pembeni iliyo huru. Fikiria kidhibiti cha betri ambamo jozi inalinda volti na joto la seli, huku kiini huru kikibeba makadirio ya chaji na mazungumzo na gari lote! Hiyo ndiyo ninayoitaka mezani baada ya hii, na jaribio la kwanza nimeshalipanga: nikizamishe kile kiini huru kwa kazi hadi kitote, huku nikipima kama jozi ya loksitepu itachelewa hata mpigo mmoja inapogombea njia ya kumbukumbu.