Neno na Kipimo: Lugha katika Takwimu za Lishe za Meru na Embu

Programu za kompyuta zinazochanganua ukuaji wa watoto, kama vile WHO Anthro na ENA, aghalabu husifiwa kwa wepesi na uhakika wa hesabu zake. Sifa hiyo ni ya haki. Hata hivyo, mhakiki wa lugha hana budi kuuliza takwimu hizo huanzia wapi. Huanzia katika mazungumzo baina ya mdadisi na mama.

Embu si ngeni kwa tafiti za namna hii. Kati ya 1984 na 1986, Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, vilichunguza huko lishe ya jamaa nzima, wakiwamo watoto wa miezi 18 hadi 30. Ukame wa 1984 ukawakuta watafiti kazini. Umri huo ndio wenye mtego. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006, mvulana wa miezi 18 mwenye urefu wa sentimita 79 hajadumaa. Akiandikwa kuwa na miezi 24, programu itamtia miongoni mwa waliodumaa. Mtoto ni yule yule. Kilichobadilika ni jibu.

Dodoso likiuliza, "Mtoto ana miaka mingapi?", mama atajibu "miwili" pasipo kusema uongo, kwani swali halikumwachia nafasi ya kutaja miezi. Pasipo na kadi ya kliniki, kalenda ya matukio humsaidia zaidi: je, alizaliwa kabla ya mvua za masika au baada ya mavuno ya maharagwe? WHO Anthro hutilia shaka alama ya urefu kwa umri iliyo chini ya -6. Kosa la miezi sita hupita kimya, maana lafanana na ukweli.

Matokeo nayo hurudi kijijini kwa jina la "udumavu". Kwa mwanatakwimu, neno hilo ni kuwa chini ya mikengeuko sanifu miwili kutoka kiwango cha kati. Kwa msikilizaji, kudumaa ni kupumbaa pia. Mama aliyeletewa kipimo huondoka na hukumu.

Yafaa basi maswali yatungwe na kujaribiwa kwa Kimeru, Kiembu na Kimbeere kabla ya dodoso kupigwa chapa, na wanaisimu washirikishwe tangu mwanzo. Programu haina uwezo wa kusahihisha swali lililoulizwa vibaya.