Zabuni Imetangazwa, Bomba Bado Liko Chini

Barabara ya Mombasa hadi Mtwapa ilikosewa kabla tingatinga la kwanza halijawashwa. Nayasema mapema ili nisije nikaambiwa namwandama mkandarasi. Kilomita 13.5, kwa takriban shilingi bilioni 7.5, na kosa kubwa ni moja: mkataba ulitiwa saini wakati njia ya kujengea haijawa tayari kukabidhiwa.

Mchoro sina neno nao. Njia mbili kila upande, tulizihitaji kitambo.

Turudi kwenye ile saini. Nyinyi mnaotoka Ziwa la Ng'ombe mkashuka Bombolulu kupanda matatu hamhitaji kusimuliwa: kipande kimechimbwa, kinachofuata kimerukwa, nguzo ya umeme imesimama peke yake katikati ya kifusi. Sababu zilizotajwa hadharani ni fidia ya ardhi na uhamishaji wa huduma, yaani nguzo na mabomba. Sasa hayo ni ya kushtukiza? Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha Desemba 2019. Sheria ya Ardhi ya 2012 imepanga ngazi zake: notisi kwenye gazeti rasmi la serikali, kusikiliza wenye ardhi, tuzo, malipo, ndipo umiliki uhame. Ngazi hizo hazirukwi kwa sababu waziri ana haraka ya kuzindua. Na masharti ya mikataba ya ujenzi ya FIDIC, ambayo kazi za namna hii huyafuata kwa kawaida, hayana huruma: mwenye kazi asipokabidhi eneo kwa wakati, mkandarasi anaongezewa siku, analipwa gharama, tena na faida juu yake. Yaani mitambo inalala chini ya mwembe na mlipa kodi anahesabiwa.

Wanaonisoma siku zote wanajua ninakoelekea: ule mstari wa kuhamisha huduma kwenye BQ, yaani orodha ya kazi na vipimo vyake. Mimi na mstari huo tuna kesi ya miaka. Kazi nyingine zote zimepimwa kwa mita na tani. Ukifika hapo unakuta kitita kimoja cha kukisia. Ukiona hivyo, ujue hakuna aliyeshika sururu akachimba mashimo ya majaribio. Shimo la kina cha mita moja na nusu kwenye kila njia panda, vibarua wanne, siku mbili, gharama yake ni mchezo ukilinganisha na bilioni 7.5. Pale pa kuingilia Ziwa la Ng'ombe usitegemee ramani ya ofisini. Muulize fundi bomba wa mtaa. Atakuonyesha mabomba meusi ya plastiki ya nusu inchi yaliyopishana kama tambi, mengine hata kampuni ya maji haiyajui, na bomba kubwa chini yake. Maji ya Baricho yakishafika matangi ya Nguu Tatu ndiyo yanayogawiwa huku kwetu. Kijiko kikipasua bomba saa nne asubuhi, adhuhuri mtungi wa mkokoteni umeshapanda bei.

Kupanga mapema kunawezekana: Daraja la Nyali la 1980, walilojenga Wajapani, lilipewa njia yake, na lile la kuelea la 1931 likaendelea kuvusha watu mpaka jipya lilipokuwa tayari. Hiyo ndiyo kazi ya watu waliofikiria kwanza.

Wahandisi rafiki zangu hunijibu kwamba fedha za mfadhili zina tarehe ya kwisha, kwa hiyo lazima zabuni itoke. Sawa, itoke, lakini iwe ile ndogo: kuhamisha nguzo na mabomba peke yake, itangazwe wakati Tume ya Ardhi inalipa fidia. Ile kubwa ingoje cheti kinachosema kipande kizima, kuanzia Daraja la Nyali hadi Mtwapa, kiko wazi. Na kama ni nusu tu iliyo wazi, basi itangazwe hiyo nusu.