Uhakiki wa Sharti la "Kama Ilivyo" katika Mauzo ya Mali za Waliofilisika: Mfano wa Arusha na Meru

Kampuni inapofilisika, mali yake huuzwa na mtu asiye mwenye mali. Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 inaruhusu mahakama kumteua msimamizi, ambaye huhesabiwa kuwa wakala wa kampuni. Katika mikataba ya mauzo ya aina hii kuna sharti lililozoeleka: mali inauzwa kama ilivyo na mahali ilipo, bila dhamana, na msimamizi hatawajibika binafsi. Uhakiki huu unadai kwamba sharti hilo lina haki katika kiini chake, lakini linabeba mengi kuliko linavyotamka.

Haki yake i wazi. Msimamizi hakuiendesha kampuni, hivyo hajui mashine ilianza kuharibika lini. Fedha anazozipata ni za wadai. Angalidaiwa dhamana kwa mali yake mwenyewe, ni wachache ambao wangaliikubali kazi hiyo. Mnunuzi naye hufidiwa kwa bei iliyopunguzwa.

Tatizo limo katika neno "ilivyo". Kwa msomaji wa kawaida, neno hili huelekeza kwenye hali inayoonekana. Trekta laweza kuwashwa na kukaguliwa. Shamba la kahawa chini ya Mlima Meru halikaguliki hivyo. Nchini Tanzania ardhi ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini wake. Kinachouzwa ni haki ya kumiliki kwa miaka iliyosalia, pamoja na masharti ya uendelezaji na pengine malimbikizo ya kodi ya pango la ardhi. Aidha, huenda mfereji unapita shambani ukipeleka maji kwa majirani, au wafanyakazi wasiolipwa bado wanaishi kambini. Hayo yote humezwa na neno moja.

Historia ya eneo hili inatoa funzo. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walitwaa mashamba ya Wajerumani kuwa mali ya adui, na ofisa aliyeteuliwa akayauza. Wenye mashamba hawakuwa wamefilisika, lakini muundo ulifanana: muuzaji si mwenye mali, mnunuzi anapewa hati, jirani haulizwi. Wameru waliendelea kubanwa na mashamba ya walowezi, na mwaka 1951 baadhi yao wakaondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki. Mwaka 1952 Kirilo Japhet aliyafikisha malalamiko yao Umoja wa Mataifa, New York. Karatasi iliyo halali baina ya wawili haikumaliza dai la wa tatu.

Hivyo basi, inapendekezwa sharti hili ligawanywe mara tatu: hali ya mali, haki zilizomo katika hatimiliki, na watu wenye madai juu yake. Katika la kwanza, msimamizi abaki bila dhamana. Katika mawili yaliyosalia, aorodheshe anachokijua: deni la pango, miaka iliyobaki, kesi zilizo mahakamani, watu waliomo. Kutodhamini hakumruhusu kunyamaza. Orodha hiyo iandikwe kwa Kiswahili, ambacho marekebisho ya mwaka 2021 yalikifanya kuwa lugha ya sheria na mahakama, ili mnunuzi wa Usa River au Tengeru aelewe anachokinunua kabla hajalipa amana.